Mtoto Aliyeokotwa Siku ya Uzinduzi

Haya niliambiwa na Bi Mkejina, yule aliyekuwa akija kwangu kununua majani ya kunde, mwaka ule mvua za vuli zilipochungulia zikaona haya zikarudi. Tulikuwa tumekaa nyuma ya jiko tunachambua mbaazi, naye akaniapia kwamba nchi yenyewe iko mbali sana, ng'ambo ya milima ambayo hata yeye hajaiona. Nikamuuliza, kama hujaiona, habari zake umezipataje? Akasema habari haina miguu lakini hufika. Basi nami naziandika kama nilivyopewa. Asije mtu akasema nimeitaja nchi yake. Ya kwake ni nyingine kabisa, yenye viongozi wazuri.

Nchi hiyo iliitwa Kwetukwenu, na palikuwa na jambo lililoiudhi Serikali yake. Watoto wachanga walikuwa wakizaliwa na kuondoka upesi, wengine kabla hawajasikia hata hotuba moja. Serikali ikaona hiyo ni dharau. Ikaunda Wizara ya Pumzi ya Kwanza, ikamkabidhi Mheshimiwa Daktari Pambamoto. Udaktari wake ulikuwa wa mambo ya barabara, lakini alieleza vizuri kwamba pumzi nayo hupita njia.

Mheshimiwa akatafuta mwenzi wa kumsaidia, akampata Bwana Shibe, mkurugenzi wa kampuni ya samani iitwayo Tangu-Mpaka. Kampuni hiyo ilitengeneza vitanda vya watoto, vitanda vya arusi, makochi, na masanduku ya kuzikia, makubwa kwa madogo, ndiyo maana ikajiita hivyo. Bwana Shibe alikuwa mtu mpole. Alipokupa mkono alikutazama kutoka utosini hadi kwenye nyayo, taratibu, kama anayekupima.

Siku ya kutangaza ubia wao, watu waliitwa uwanjani. Nyanjige naye alikwenda na mama mkwe wake, Bi Kabula. Nyanjige alikuwa mjamzito, na ujauzito huo aliubeba kama mtu aliyebeba yai juu ya kijiko, kwa sababu watoto wawili waliomtangulia huyu walikwishaondoka. Wa kwanza hakutoka leba. Wa pili aliishia njiani, wakirudi nyumbani.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa," alisema Mheshimiwa Pambamoto. "Zamani mtoto alikuwa wa mama yake tu, ndiyo maana tulibaki nyuma. Leo mtoto ni mradi. Serikali italeta jengo. Kampuni italeta chupa, yaani ile mashine ya kioo ya kumtia joto mtoto njiti. Na mama je? Mama tuliyemdharau miaka yote, leo tunamwinua awe mbia kamili. Mama ataleta mtoto. Huu ni Ubia wa Pande Tatu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Bwana Shibe naye akasogea akasoma kifungu kimoja tu, kwa sauti ya kubembeleza: mafanikio ni ya wabia wote; kasoro ni ya mbia aliyeleta kile kilichopata kasoro.

"Hapo sijapaelewa," alinong'ona Bi Kabula.

"Mimi nimepaelewa, mama," alisema Nyanjige. "Jengo halifi. Chupa haifi. Sasa tafuta mwenyewe kinachobaki."

"Shh. Watakuona hupigi makofi."

"Nimeshika tumbo. Mikono yangu ina kazi."

*

Mimba haikungoja miezi yake. Mwezi wa saba uchungu ukamshika akiwa kisimani, wakampeleka hospitali ya Ubia, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imefungwa ili isishindane na mpya. Mlangoni akapewa wino akaweka dole gumba, uchungu umembana. Afisa aliyeshika karatasi akamwambia, "Hongera mbia," kisha akamwonyesha pa kulala.

Mtoto akaja mdogo. Bi Kabula alisema hata njiwa wa sokoni ana mapaja zaidi. Lakini alilia, kilio chembamba kama uzi unapopita kwenye tundu la sindano, na Nyanjige alipokisikia akaapa moyoni kwamba uzi huu haukatiki mikononi mwake.

"Mweke kwenye chupa, sista," alimwambia muuguzi. "Ana baridi."

Sista Leokadia alikuwa mwanamke mnene mwenye macho ya kukosa usingizi. Akaitazama chupa iliyosimama katikati ya wodi, inang'aa, nusu imepakwa rangi za Serikali na nusu rangi za Kampuni.

"Ina kufuli mbili," alisema. "Moja ya Serikali na moja ya Kampuni, maana ubia ni kuaminiana. Ufunguo wa Serikali uko kwa Afisa, naye hajahitimu semina ya namna ya kufungua. Ufunguo wa Kampuni utakuja siku ya uzinduzi."

"Na mtoto?"

"Mtoto kawahi. Ndiye peke yake katika mradi huu aliyewahi."

Nyanjige akajikokota hadi kwenye kioo akachungulia. Ndani palikuwa na kigodoro, na juu ya kigodoro kitambaa cheupe cha satini, pindoni kimeshonwa vijiua vidogovidogo vya uzi wa fedha. Akavitazama vijiua vile muda mrefu. Mtoto wake wa pili alilazwa juu ya vijiua kama hivyo hivyo, ndani ya sanduku la Tangu-Mpaka, kabla kifuniko hakijapigwa misumari. Tangu dakika ile, kufuli zile hazikumsikitisha tena kama mwanzo.

Bi Kabula alikwisha kufungua vifungo vya gauni lake. "Nipe mume wangu hapa," alisema, kama mabibi wa Kwetukwenu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. "Kifua changu kimekauka lakini hakijazimika."

Sista Leokadia akamsaidia kumweka mtoto wima, ngozi kwa ngozi, kichwa kimefunikwa, kanga imezungushwa na kukazwa mgongoni. Akawaonyesha namna ya kukamua maziwa na kumdondoshea kwa kijiko.

"Hii nayo ni tiba, tena nzuri," alisema. "Lakini haina mdhamini, kwa hiyo haimo kwenye mradi. Fanyeni. Mimi sijaona."

Wakafanya. Mama akichoka, bibi anapokea. Bibi akisinzia, mama anapokea. Mtoto hakushushwa kifuani hata walipokwenda uani. Polepole ngozi yake ikaacha kuwa kama ya hindi lililochomwa, mashavu yakaanza kujaza, na kijiko kikawa kinarudi kikavu.

*

Katika wodi ile walikuwapo akina mama wengine wenye watoto njiti, ambao waliambiwa wasubiri chupa, nao wakatii. Watoto wao wakavunja mkataba mmoja baada ya mwingine. Ndivyo ilivyosemwa pale. Hakuna aliyesema mtoto amekufa, maana Mheshimiwa alikuwa amekwisha tangaza kwamba katika hospitali ya Ubia watoto hawafi, na neno la Waziri haliwezi kupingwa na kichanga.

Mama ambaye mtoto wake amevunja mkataba alitakiwa kuomba radhi. Wa mwisho kuomba alikuwa mwanamke mmoja kutoka upande wa mtoni, jina lake Ng'washi. Alisimamishwa mbele ya vitanda, Afisa akamtamkia naye akafuata.

"Mimi mbia wa tatu."

"Mimi mbia wa tatu."

"Naiomba radhi Serikali na Kampuni."

"Naiomba radhi Serikali na Kampuni."

"Kwa kuleta mtoto asiyekidhi viwango."

Hapo Ng'washi akanyamaza. Afisa akakohoa, akarudia. Ng'washi akasema maneno yale akiwa anatazama dari, na maziwa yalikuwa yamelowesha kifua cha gauni lake.

Aliomba kwenda kwao. Akaambiwa bado, uzinduzi unakuja, na katika picha lazima wawepo akina mama. Basi akabaki, anafagia wodi bila kutumwa, anamwaga majivu ya jikoni, na kila akipita kitanda cha Nyanjige anapunguza mwendo.

"Huyu ananitazamia mtoto," alisema Nyanjige.

"Amefiwa, mwanangu. Macho ya mfiwa hayajui pa kukaa."

"Yanajua sana, mama. Yanakaa hapa kwangu kila siku."

Bi Kabula alisonya kidogo, lakini tangu hapo akawa anaifunga kanga kwa fundo mbili.

*

Siku ya uzinduzi ilipokaribia, Bwana Shibe alikuja wodini na Afisa ambaye sasa alikuwa amehitimu semina. Walitafuta mtoto njiti wa kutia ndani ya chupa mbele ya Mheshimiwa. Wakazunguka vitanda vyote wakamkuta mmoja tu, kifuani kwa bibi yake.

"Huyu ndiye," alisema Bwana Shibe, akamtazama mtoto kutoka utosini hadi kwenye nyayo. "Kipimo chake ni kile kile."

"Kipimo cha nini?" aliuliza Nyanjige.

"Cha godoro, mama. Usiogope. Mwanao atakuwa Mtoto wa Kwanza wa Ubia. Atatazamwa na nchi nzima."

Nyanjige hakupenda, lakini aliuliza kwanza, kwa sababu mtu akishuku hana budi kuuliza. "Siku hiyo chupa itawaka?"

Afisa akajibu kwa fahari kwamba jenereta limekwisha letwa. Nguvu yake inatosha chupa au inatosha vipaza sauti. Vyote viwili kwa pamoja haliviwezi. Kwa hiyo chupa itawaka kabla ya hotuba na baada ya hotuba.

"Na hotuba ina urefu gani?"

"Hotuba ya Mheshimiwa haina urefu," alisema Afisa. "Ina upana."

"Na mlango wa chupa?"

"Utaachwa wazi. Kioo kinameta kwenye picha."

"Mtoto atakuwa amevaa nini?"

"Nembo," alisema Bwana Shibe.

Nyanjige akaona yote kama mtu anayetazama maji ya chini ya kisima: mtoto wake amelazwa uchi juu ya vijiua, mlango wazi, upepo wa kipupwe unaingia, na Mheshimiwa anahutubia kwa upana.

"Sitaki," alisema.

"Mama," alisema Bwana Shibe kwa upole, "mgonjwa ndiye anayeweza kutotaka. Wewe si mgonjwa, wewe ni mbia. Dole lako lipo. Kesho asubuhi, kwenye uzinduzi, tutamchukua."

Walipoondoka, Nyanjige aliutazama mlango. Nje ya mlango aliketi askari wa Kampuni na nje ya geti askari wa Serikali, kwa ajili ya usawa. Sista Leokadia alipita akiwa amebeba mabakuli. Hakusimama. Alisema tu, kama anayezungumza na mabakuli, "Mimi nina funguo za kabati la pamba. Za geti sina."

Bi Kabula alimbembeleza mtoto kifuani hadi jua likawa jekundu dirishani. Kisha akasema, "Tumemsahaulia kitu mume wangu. Wawili wametangulia, naye hatujamtupa."

Naomba nieleze hapa. Kwetukwenu, mwanamke akifiwa na watoto wawili mfululizo, wa tatu hutupwa. Hutupwa jalalani, alfajiri, juu ya ungo, ili kile kinachowafuata watoto wa nyumba ile kione kwamba huyu si wa mtu. Anayepita kwanza humwokota. Huuliza ni wa nani, na mama sharti akane, tena bila kulia, maana akilia atakuwa amemdai. Tangu hapo mtoto ni wa mwokotaji. Neno la mwokotaji ndilo neno, hadi siku mama atakapomkomboa kwa bei atakayotaja mwokotaji mwenyewe: kibaba cha uwele, ufagio mpya, chochote. Na mtu akimnyang'anya mtoto huyo kwa nguvu kabla hajakombolewa, kile kilichokuwa kinamfuata mtoto humgeukia yeye. Hilo Kwetukwenu analijua kila mtu, aliyesoma na asiyesoma, isipokuwa aliyesoma hasemi.

"Wakija kesho," alisema Bi Kabula, "watakuta huna mtoto. Dole lako watalitia kwenye chupa wakipenda."

"Na nani atamwokota?"

"Sista. Kila alfajiri ndiye wa kwanza kwenda jalalani, humwaga majani ya chai. Hatutamwambia, maana akiambiwa haijawa kuokota. Lakini ndiye atakayekuja."

*

Jalala la hospitali lilikuwa nyuma ya jiko, kwenye njia ya uani ambayo askari wa mlangoni hakumzuia mtu. Majivu ya jana yalikuwa bado na uvuguvugu. Kulipopambazuka Bi Kabula akauweka ungo juu yake, Nyanjige akamfungua mtoto kifuani, akamviringisha kanga, akamlaza. Wakasimama pembeni ya ukuta. Mtoto hakulia. Nyanjige alikuwa anauma kiganja chake.

Hatua zikasikika. Bi Kabula akamfinya mkwewe kumpa moyo.

Haikuwa chai. Ilikuwa ndoo ya majivu, na aliyeibeba alikuwa Ng'washi.

Nyanjige akataka kutoka mbio. Bi Kabula akamshika mkono kwa nguvu ambazo hakujua kwamba mama mkwe wake anazo. "Usithubutu," alinong'ona. "Ukimwokota wewe, umemmaliza."

Ng'washi akauona ungo. Akaiweka ndoo chini. Akapiga magoti, akafunua pembe ya kanga, akatazama. Kisha akainua uso, akawaona wanawake wawili ukutani, akaelewa, maana hata upande wa mtoni watoto hutupwa.

"Mtoto wa nani huyu?" aliuliza.

Nyanjige akageuza uso ukutani.

"Nauliza. Mtoto wa nani huyu?"

"Simjui," alisema Nyanjige. "Mimi sikuzaa."

Macho yake yalikuwa makavu. Alisema baadaye kwamba hakuna kazi aliyowahi kuifanya ngumu kama kuyaweka makavu macho yale.

"Basi ni wangu," alisema Ng'washi. Akamtia mtoto ndani ya gauni lake, na mtoto, ambaye siku zote alilishwa kwa kijiko, akatafuta kidogo, akalikamata ziwa, akanyonya. Ng'washi akafumba macho. Nyanjige aliwatazama, na shukrani iliyomjia ilikuja na wivu wake, na wivu ulikuja na hofu: huyu amefiwa, ana maziwa, na sasa ana haki. Nini kitamzuia kushika njia ya mtoni?

*

Uzinduzi ulifana. Palikuwa na mahema, viti vyenye vitambaa, na maji ya chupa kwa wageni ambao hawakuwa na kiu. Wabia wa tatu walipangwa mbele, kwenye jua, ili wapigwe picha vizuri. Nyanjige alijibanza karibu kabisa na Ng'washi, bega kwa bega, na pindo la kanga ya Ng'washi alikuwa amelikanyaga.

"Unanikanyaga, dada," alisema Ng'washi.

"Pole."

Lakini hakuondoa mguu.

Kufuli mbili zikafunguliwa kwa makofi. Chupa ikawaka taa ya kijani. Kisha Mheshimiwa Pambamoto akashika kipaza sauti, taa ya kijani ikazimika, naye akasema, "Mleteni Mtoto wa Kwanza wa Ubia."

Afisa akamwendea Nyanjige. "Mama, mtoto."

"Sina mtoto," alisema Nyanjige.

"Jana ulikuwa naye."

"Sikuzaa."

Watu wa mbele wakageuka. Afisa akatafuta kwa macho, akaiona kanga ya Ng'washi imetuna. "Na huyo?"

"Nimemwokota," alisema Ng'washi. "Jalalani."

Neno lile likapita katika umati kama upepo katika mtama. Wazee wakainama. Wanawake wakavuta kanga zao vichwani. Bwana Shibe, ambaye hakuwa amesikia kitu ila zogo, akafika pale na tabasamu lake, akaelezwa.

"Hakuna tatizo," alisema. "Kitu kisicho na mwenyewe ni cha Serikali. Mheshimiwa, mtoto ni wako, mchukue."

Mheshimiwa Pambamoto alishuka jukwaani kwa hatua kubwa. Hatua zikapungua kadiri alivyokaribia. Alipofika kwa Ng'washi akasimama, mikono nyuma.

"Ameokotwa wapi hasa?"

"Jalalani, Mheshimiwa. Juu ya ungo."

"Na ndugu zake?"

"Wawili wametangulia," alidakia Bi Kabula kutoka nyuma, waziwazi.

Mheshimiwa alikuwa msomi, na alikwisha hutubia katika miji mikubwa dhidi ya imani potofu. Akarudi nyuma hatua moja. "Kisera," alisema, "jalala limo ndani ya eneo la mradi. Kilichookotwa katika mradi ni cha mwekezaji. Bwana Shibe, tafadhali."

"Mimi ni nani nitangulie mbele ya Serikali?" alisema Bwana Shibe, naye akarudi nyuma.

"Sekta binafsi ndiyo injini. Sisi tunasema hivyo kila siku."

"Injini bila dereva, Mheshimiwa?"

"Dereva amekuruhusu."

"Basi tumpe heshima hiyo Afisa, aliyehitimu."

Afisa hakuonekana. Alikuwa amekumbuka semina nyingine.

Walirudishana hivyo hadi wote wawili wakafika tena jukwaani bila kugeuka. Wapiga picha walikuwa wanasubiri na chupa iko wazi, tupu. Ndipo Mheshimiwa, ambaye kwa kweli hakukosa akili, alipochukua kitambaa cha kiti kimoja, akakikunja, akakiviringisha, akakibandika nembo, akakilaza juu ya satini. Kwa mbali kilikuwa kama mtoto. Kwa karibu hakuruhusiwa mtu.

Akahutubia kwa upana. Alimsifu mtoto yule kwa utulivu wake. Alisema hajalia hata mara moja tangu alazwe, hali iliyodhihirisha kwamba anaridhika na huduma. Alisema kuanzia leo hali yake itatangazwa kila wiki. Bwana Shibe akapiga makofi, akasema huyu ndiye mtoto ambaye Kampuni ilimwota. Na kweli, Bi Mkejina aliniambia kwamba mpaka siku alipokuwa akinisimulia, mtoto huyo alikuwa hajaugua hata mafua. Wageni huletwa kutoka mbali kumtazama, nao huandika kwamba ubia umefaulu. Akiletwa njiti mwingine, huambiwa chupa ina mtu.

*

Baada ya hotuba, watu walipokimbilia pilau, Bwana Shibe alimfuata Ng'washi kwenye kivuli cha ukuta. Alisimama mbali kidogo. Nyanjige alikuwa papo hapo, hakujificha, anasikiliza.

"Mama, nimefikiri," alisema Bwana Shibe. "Hakuna haja ya mtu kumnyang'anya mtu. Wewe mwenyewe weka dole, uwe mbia upya. Ukimleta kwa hiari yako hakuna mwenye mkosi. Tutafuta ile radhi yako. Itakuwa kana kwamba hukuwahi kuleta mtoto asiyekidhi."

Ng'washi alikuwa ameinamisha uso, anamtazama mtoto ndani ya gauni. Nyanjige akalikanyaga tena lile pindo la kanga, maana kama yeye angekuwa Ng'washi, alijiambia, naye angefikiri.

"Nilishaleta mmoja," alisema Ng'washi. "Mlimpeleka wapi?"

"Mama, hayo ni mambo ya kiufundi."

"Nauliza tu. Mimi ni mbia."

Bwana Shibe akatazama wino aliokuja nao, akatazama pilau linavyopungua, akaenda zake.

Alasiri Sista Leokadia akawaambia waondoke kabla watu hawajashiba, kwa sababu mtu akishiba hukumbuka. "Chupa imejaa, nendeni mkategemee vifua vyenu," alisema, akawapa pamba na kijiko. Askari wawili walikuwa wanakula. Wakatoka getini wote: Bi Kabula mbele, Ng'washi na mtoto katikati, Nyanjige nyuma.

Kwenye njia panda, upande mmoja ukienda mtoni na mwingine kwa Nyanjige, Ng'washi akasimama.

"Dada, unatembea kwenye visigino vyangu tangu asubuhi."

"Ninachoogopa unakijua."

"Ninakijua. Hata mimi ningekushuku." Akafungua pindo la kanga yake, akalifunga kwenye pindo la kanga ya Nyanjige, fundo mbili. "Haya. Twende kwenu. Uwashe moto kabla huyu hajapoa."

Nyumbani Bi Kabula akakoka moto, akatandika mkeka, wakaketi watatu. Jua lilikuwa linatua na watu wa jirani walikuwa bado wanapiga gumzo nje. Bi Kabula akaleta kibaba cha uwele, akakiweka mbele ya Ng'washi, akaongeza ufagio mpya ambao hajaufagilia.

"Taja bei, binti yangu," alisema. "Kama ni uwele, upo. Kama unataka kukaa naye mpaka atambae, hiyo nayo ni haki yako. Hapa hakuna atakayekusukuma."

Ng'washi akausogeza uwele pembeni. Nyanjige akaliangalia fundo la kanga zao.

"Niulize mwanangu aliitwa nani," alisema Ng'washi.

Bi Kabula akataka kusema kwamba hiyo ni bei ndogo mno. Nyanjige akamgusa goti.

"Mwanao aliitwa nani?" aliuliza Nyanjige.

"Limi. Alikuwa msichana."

"Alifanana na nani?"

"Masikio ya baba yake. Alikuwa akipiga chafya anashangaa mwenyewe, kama aliyeitwa na mtu. Nywele zilikuwa nyingi. Nilisema nitazisuka." Akaendelea, mambo madogo madogo, mengine akiyarudia, na Nyanjige akauliza kila palipofaa kuuliza. Kisha Ng'washi akafungua gauni, akamtoa mtoto akiwa na joto lake, akamweka kifuani kwa Nyanjige.

"Ni wako," alisema. "Umelipa."

Nyanjige hapo ndipo alipolia, maana sasa aliruhusiwa.

Bi Kabula alikuwa wa kwanza kulala, ameketi hivyo hivyo, kichwa ukutani. Ng'washi alijinyoosha kwenye mkeka, akasema kesho ataamka mapema aende mtoni, na sentensi hakuimaliza. Mtoto alinyonya, akaachia, akalala, kinywa wazi. Nyanjige akabaki anasikiliza pumzi zao, kubwa, ya kati, na ile nyembamba kama uzi. Pindo la kanga ya Ng'washi alikuwa bado amelikamata mkononi, kwa sababu kushuku hakuishi siku moja. Akajaribu kuendelea kulishika. Macho yakawa mazito, yakafumba, na vidole vikaachia.